Chumba hupangwa kwanza, kupambwa baadaye

Kila mwisho wa mwezi, barabara za Mombasa bara hupita mikokoteni iliyobeba makochi mapya. Hutoka kwa maseremala wa kando ya barabara huko Kisauni, Likoni na Changamwe, huvutwa hadi penye mlango wa nyumba ya vyumba sita, hupenyezwa kwa mashaka katika ukumbi mwembamba, na mwishowe husukumizwa ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi ambamo tayari mna kitanda, kabati, mitungi ya maji na watu wanne. Aliyenunua hufurahi siku hiyo, na majirani humpongeza. Lakini kuanzia usiku huo, mtoto wa chumba hicho hana tena mahali pa kuweka daftari lake.

Huenda msomaji akauliza kama upambaji wa chumba ni jambo la kujadiliwa katika ukurasa wa maoni, mahali ambapo hujadiliwa siasa, ardhi na uhaba wa maji. Jibu langu ni kwamba linastahili, tena bila kukawia. Chumba ndicho darasa la usiku la mwanafunzi wa kutwa. Ndicho afisi ya mwalimu anayerudi jioni na rundo la madaftari ya kusahihisha. Kisipokuwa na nafasi, yale yaliyopandwa shuleni mchana hunyauka usiku. Nami nashikilia kwamba chumba kidogo hakipanuliwi kwa kununuliwa vitu vya kukipamba. Hupanuliwa kwa kupunguza, kwa kuinua na kwa kuruhusu mwanga. Lugha yetu yenyewe imetangulia kutufunza. Neno kupanga lina maana ya kukodi chumba, na lina maana ya kuweka vitu kwa utaratibu. Wengi wetu tumetekeleza maana ya kwanza, tukaisahau ya pili.

Hatuzungumzii watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kati yao, waliokuwa Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Waliosalia, zaidi ya milioni moja, walikuwa ng'ambo ya maji: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Mgeni akisikia Mombasa huwaza Fort Jesus na zile pembe za barabara ya Moi. Lakini Mombasa ya walio wengi ni ile inayovuka kwa feri ya Likoni alfajiri, inayopita daraja la Nyali asubuhi, na inayorudi Changamwe kwa njia ya Makupa jioni ikiwa imechoka. Wengi wa watu hao hawana nyumba, wana chumba.

Nyumba ya Kiswahili ya upande huu wa bara inajulikana sana. Mbele pana baraza. Mlango mkuu u katikati, na kutoka hapo ukumbi umenyooka hadi uani. Vyumba vitatu viko mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto. Nyuma mna ua wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Nyumba hiyo ilipokuwa ya jamaa moja, ilikuwa pana, kwa sababu chumba kilikuwa cha kulala tu, na shughuli nyingine zote zilikuwa na mahali pake. Wanawake walipika na kuzungumza uani, wanaume walipokea wageni barazani, watoto walicheza ukumbini. Nyumba ile ile ilipoanza kukodishwa chumba kwa chumba, kila jamaa ilijikuta ikiishi maisha yake yote ndani ya mahali palipojengewa usingizi. Hapo ndipo dhiki ilipoanza. Chumba hakikupungua hata inchi moja. Zilizoongezeka ni kazi tulizokitwika.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina eneo la futi mraba 100. Kitanda cha futi nne kwa sita huchukua 24. Kochi la watu watatu, lenye urefu wa futi saba na upana wa futi tatu, huchukua 21. Makochi mawili ya mtu mmoja mmoja, kila moja futi tatu kwa tatu, huchukua 18. Meza ya katikati ya futi nne kwa mbili huchukua 8. Kabati la televisheni la futi tano kwa mbili huchukua 10. Jumla ni 81. Mlango unaofungukia ndani unahitaji futi tatu kwa tatu ili uweze kuzunguka, yaani 9. Tumefika 90. Zilizobaki ni futi mraba 10, na humo yatakikana kuingia mitungi ya maji, mtungi wa gesi, viatu, ndoo, na binadamu. Mwenye chumba hiki akilalamika kwamba mwenye nyumba amemnyima nafasi, amesema kweli kwa kiasi. Lakini nafasi aliyopewa pia ameigawa visivyo, na sehemu kubwa kuliko zote amewapa wageni ambao huja mara moja kwa mwezi.

Kwa nini tunajifanyia hivi? Sababu mojawapo imetoka mbali. Serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika wa bandarini na wa reli kuwa mtu wa muda tu, kijana asiye na mke wala mtoto mjini, ambaye baada ya kandarasi angerudi kwao. Mtu wa namna hiyo alistahili kupewa nafasi ya kitanda, basi. Malalamiko juu ya makao na kodi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyosikizwa na tume iliyoongozwa na Willan, baada ya migomo ya Mombasa ya mwaka 1939, na hali ya maisha ya wafanyakazi ilichochea tena mgomo mkuu wa Januari 1947. Wakoloni waliondoka mwaka 1963, ila ile fikira ya kwamba mkazi wa chumba ni mpita njia tumeirithi sisi wenyewe. Muulize mpangaji aliyekaa Chaani au Mtongwe miaka 15 kwa nini masanduku yake bado yamerundikwa kama alivyoyashusha kutoka kwenye basi. Atakuambia, "Mimi hapa napita tu." Anapita, lakini mwanawe haupiti utoto wake mara mbili. Miaka anayoiita ya kupita ndiyo miaka ambayo mtoto anajifunza kusoma.

Sababu ya pili ni dhana kwamba chumba chembamba ni aibu, na kwamba aibu hiyo hufichwa kwa vitu vikubwa. Dhana hiyo haikuzaliwa katika pwani hii. Tazama nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Zilijengwa na matajiri, wafanyabiashara ambao hawakukosa fedha wala watumishi. Hata hivyo, vyumba vyao vilikuwa vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuhimili uzito ikiwa ndefu kupita kiasi. Upana wa chumba ulikuwa takriban mita tatu au pungufu, ambao ndio ule ule upana wa futi kumi anaoulilia mpangaji wa Kisauni leo.

Wale mafundi walifanya nini ili wembamba usigeuke kuwa dhiki? Kwanza, walipaka kuta chokaa nyeupe iliyolainishwa, ili mwanga mchache uliotoka uani uruke kutoka ukuta hadi ukuta na kufika hadi chumba cha ndani. Pili, walichimba zidaka katika ukuta wa ndani, safu juu ya safu, vyombo vya kaure vikakaa humo bila kuchukua hata shibiri moja ya sakafu. Jicho linapoingia ndani ya zile zidaka, ukuta huonekana kana kwamba umerudi nyuma. Tatu, waliweka vitanda kwenye ncha za chumba na kuvisitiri kwa mapazia, katikati pakabaki wazi. Nne, hawakujaza vitu sakafuni. Mikeka ilitandikwa ilipohitajika, na ilikunjwa ilipomaliza kazi. Haya yote tuliyaacha tulipoanza kuamini kwamba uzuri wa chumba hupimwa kwa uzito wa samani zake.

Basi anayetaka chumba chake kipumue na aanze kwa kutoa. Achukue kila kitu kilichomo na kukiuliza maswali mawili: nilikutumia lini mara ya mwisho, na kuna mwingine anayekuhitaji kuliko mimi? Redio iliyokufa, kiti cha mguu mmoja, ndoo iliyotoboka inayongojea fundi tangu mwaka juzi, magunia ya nguo zisizovaliwa, vyote hivyo vinalipiwa kodi kila mwezi kama watu. Mwenye mali kidogo huona uchungu kutupa, na uchungu huo ni wa haki. Lakini nguo zinaweza kupelekwa kwa jamaa, vyuma vinaweza kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na makochi mawili kati ya matatu yanaweza kuuzwa yangali mapya, yakazaa meza ya kusomea na fedha kidogo ya akiba.

Hatua ya pili ni kuinua. Sakafu ndiyo sehemu ya chumba iliyo ghali kuliko zote, na kuta, ambazo mara nyingi hubaki na kalenda tupu, hazitozwi chochote. Rafu mbili za mbao zilizopigiliwa juu ya kimo cha mtu hubeba vitabu, vyombo na masanduku ya nguo. Misumari au kulabu nyuma ya mlango hubeba mifuko ya shule na makoti. Kitanda kikiinuliwa miguu kwa matofali au kwa vipande vya mbao imara, chini yake huwa ghala la masanduku na mitungi, mradi pazia fupi literemshwe kukisitiri. Chandarua kifungwe juu wakati wa mchana, kisiachwe kikining'inia kama wingu katikati ya chumba. Na samani zitakazobaki ziwe zenye miguu. Jicho likiona sakafu inaendelea chini ya kiti au meza, huamini kwamba chumba nacho kinaendelea.

Hatua ya tatu ni mwanga, na hapa tuna makosa ambayo yamekuwa mazoea. Kosa la kwanza ni kulikinga dirisha kwa kabati. Wengi hufanya hivyo kwa kuhofia wezi, na hofu hiyo ina msingi. Lakini vyuma vya dirishani na wavu wa mbu huzuia mkono wa mwizi bila kuzuia mwanga. Kosa la pili ni kupaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta iliyokoza, ya kahawia au kijani kibichi, ili uchafu usionekane, na nusu ya juu rangi nyeupe. Ule mstari unaopita katikati huukata ukuta vipande viwili na kuishusha dari. Afadhali ukuta wote uwe wa rangi moja nyepesi, nyeupe au ya maziwa, na sehemu ya chini ipakwe rangi ya mafuta ya kivuli hicho hicho, ili ipanguswe kwa kitambaa cha maji. Kosa la tatu ni pazia zito, jeusi au jekundu, lililokatwa likaishia chini kidogo ya dirisha. Pazia jepesi linaloanzia karibu na dari na kuteremka hadi sakafuni hulirefusha dirisha na ukuta pamoja nalo.

Kioo kina sifa kubwa ya kupanua chumba, na sifa hiyo ni ya kweli kwa sharti moja. Kioo hakiongezi nafasi. Hurudia kilicho mbele yake. Ukikitundika kuelekea dirishani, kitakupa dirisha la pili na mwanga wa pili. Ukikitundika kuelekea rundo la nguo chafu, kitakupa marundo mawili. Hali kadhalika taa. Globu moja iliyoning'inia katikati huacha pembe zote nne gizani, na pembe ikiwa giza ni kama haipo. Taa ndogo iliyowekwa kwenye pembe moja, juu ya meza ya kusomea, huirudisha pembe hiyo chumbani.

Hewa nayo ni sehemu ya nafasi, ingawa haionekani. Mtu huliona joto la Mombasa kama ukuta wa tano unaomsogelea. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana katika nyumba nyingi za makuti kuta za vyumba hazikufika paani. Hewa ilipita juu yake kutoka chumba hadi chumba, hata kama ilibeba na mazungumzo ya jirani. Leo tuna mabati yanayochoma, na wengi wetu tumeziba upenyo ule wa juu kwa maboksi na nailoni. Atakayegawa chumba kwa pazia, upande wa kitanda na upande wa kukaa, na atumie leso nyepesi isiyofika darini, ili upepo wa kusi au wa kaskazi upate njia. Tena, nafasi yoyote itakayopatikana isifanywe jiko la makaa. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko mahali pake ni uani, kama ilivyokuwa tangu hapo.

Baada ya kutoa, kuinua na kuangaza, turudie hesabu yetu. Kitanda 24. Benchi lenye kifuniko, la futi tano kwa mbili, ambalo ndani yake huhifadhiwa mashuka na juu yake huketi wageni watatu, 10. Meza ya kusomea ya futi tatu kwa mbili, iliyowekwa chini ya dirisha, 6. Mlango 9. Jumla ni 49, na zilizobaki ni 51. Chumba ni kile kile, kodi ni ile ile, lakini sasa zaidi ya nusu ya sakafu iko wazi. Hapo mkeka hutandikwa watoto wakacheza, ukatandikwa wageni wakala, ukatandikwa wakati wa sala, kisha ukakunjwa ukasimamishwa nyuma ya mlango. Kitu kimoja tu katika orodha hiyo kisihamishwe kwa sababu yoyote, nacho ni ile meza. Anayeandika kwa mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, asijitie kivuli kwa mkono wake mwenyewe.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa. Makochi ni heshima, watu watasema. Mgeni akiingia akaketishwa benchini au mkekani, atatuonaje? Mila ya kumheshimu mgeni ni mila njema, wala siibezi. Ninachouliza ni kama mgeni huheshimiwa kwa kupewa kochi ambalo hulifikia kwa kuruka ndoo na kukunja magoti hadi kifuani. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani mwenyewe ni pale mgeni anapovuta pumzi, anapopata pa kunyoosha miguu, anapomwona mtoto wa nyumba ameketi na kitabu chake bila kufukuzwa nje ili kumpisha. Isitoshe, mababu wa pwani hii walimketisha mgeni kwenye baraza la mawe na mkeka juu yake, na hakuna aliyesema kwamba hawakujua heshima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasemwa kwamba kumfundisha mpangaji jinsi ya kupanga vitu ni kumfundisha kuvumilia dhuluma. Kwamba tatizo lenyewe ni vyumba visivyo na madirisha, kodi kubwa na wenye nyumba wasiojali. Nakubali kwamba hakuna rangi nyeupe itakayokipa mwanga chumba kisicho na dirisha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Sheria ya Afya ya Umma nayo huihesabu nyumba iliyosongamana watu, au isiyo na mwanga na hewa ya kutosha, kuwa kero inayopasa kuondolewa. Maafisa wa afya wa kaunti wanalipwa ili kuitekeleza sheria hiyo, na wapangaji wana haki ya kuwadai. Aidha, ni lazima tukiri kwamba nyumba nyingi za upande wa bara zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, katika ule mtindo wetu wa nyumba bila ardhi, na mwenye nyumba asiye na hati huogopa kutumia fedha kufungua dirisha katika ukuta ambao kesho huenda ukabomolewa. Wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni walianza kupewa hati mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya mvutano. Wako wengine wengi wanaongojea.

Lakini haki hizo mbili hazigombani. Anayedai dirisha kwa mwenye nyumba ana nguvu zaidi ikiwa lile alilonalo hajaliziba kwa kabati. Tena madai ya ardhi huchukua miaka, na mtihani wa mtoto una tarehe yake. Mzazi hawezi kumwambia mwanawe angojee hati ya ardhi ndipo afanye zoezi lake la hisabati. Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania mwaka 1969, alisisitiza kwamba kupanga ni kuchagua. Aliyasema hayo juu ya nchi nzima, lakini yanakifaa hata chumba cha futi kumi. Mwenye vichache hawezi kuwa na vyote. Na kwa sababu hiyo hasa, achague kwa makini kuliko tajiri.

Jambo hili pia halimalizikii mlangoni mwa chumba. Nimesema kwamba nyumba ya vyumba sita ilikuwa pana kwa sababu ya ukumbi, ua na baraza. Sehemu hizo bado zipo, ila zimetekwa. Ukumbi umejazwa baiskeli, mitungi na majiko. Ua umegeuzwa jaa. Baraza limewekewa kibanda cha kuuzia. Wapangaji sita wakikubaliana kuufungua ukumbi na kuusafisha ua, kila mmoja atakuwa amejiongezea nafasi ambayo asingeweza kuinunua. Wakitenga saa mbili za jioni ambapo baraza au ukumbi, chini ya taa moja inayolipiwa na wote, ni mahali pa watoto wote wa nyumba kufanyia kazi za shule bila redio na bila kelele, watakuwa wamejenga maktaba bila tofali.

Nawageukia walimu. Mafunzo ya sayansi kimu na ya sanaa mara nyingi huonyesha chumba cha picha, chenye zulia, vazi la maua na dirisha linalotazama bustani. Mwanafunzi wa Mtopanga au wa Mikindani hukiangalia chumba hicho kama anavyoangalia theluji. Mpeni zoezi la chumba chake mwenyewe. Akipime kwa kamba na rula, akichore katika karatasi ya miraba ambapo sentimita moja ni futi moja, kisha akate vipande vya karatasi vyenye vipimo vya kitanda, meza na kabati, avisogeze hadi apate mpangilio unaoacha nafasi kubwa kuliko zote. Humo mna hisabati ya eneo na ya vipimo vya ramani, mna sanaa, mna afya, na mna somo la kwanza la usanifu wa majengo. Asifanyiwe mzaha anayechora chumba kilicho kidogo kuliko cha wenzake. Mwenye chumba kidogo ndiye mwenye fumbo gumu, na akilifumbua astahili alama nyingi zaidi. Kisha karatasi hiyo apelekewe mzazi. Mara nyingi mzazi asiyesikiliza ushauri wa jirani husikiliza mchoro wa mwanawe.

Nanyi wanafunzi wa vyuo, mliopanga vyumba vyenu vya kwanza maishani, msianze maisha kwa deni la makochi. Anzeni na meza, taa na rafu. Mkishapata hivyo, pakeni kuta rangi nyepesi kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ndipo mtundike picha moja mnayoipenda mahali ambapo jicho hupumzika. Picha moja ni pambo. Picha ishirini ni msongamano mwingine uliopanda ukutani.

Neno nafasi katika Kiswahili lina maana ya mahali palipo wazi, na lina maana ya fursa. Nadhani waliotuachia lugha hii waliona kwamba mambo hayo mawili yanakaa pamoja. Futi mraba sita za meza chini ya dirisha la Likoni hazitamtoa mtoto katika umaskini kwa siku moja, wala hazitamwondolea mwenye nyumba wajibu wake, wala kaunti wajibu wake. Lakini ni futi ambazo mzazi anaweza kuzitoa jioni hii, bila kungojea tume wala uchaguzi. Tuzitoe. Mapambo yatafuata.